Kizibao cha reflekta: kukichagua, kukijaribu na kukivaa kazini

Vizibao vya reflekta havina uhaba Unguja na Pemba. Utawaona navyo mahamali wa Bandari ya Malindi, wafagiaji wa Darajani na mafundi wa barabara kila pahala. Kinachokosekana ni kizibao kinachofanya kazi. Chengine kinawaka mchana, taa ya gari ikikipiga usiku hakirudishi kitu. Chengine ni kizuri kabisa, ila kimefunikwa na begi, koti la mvua au mtandio.

Kabla ya kununua, elewa kwamba kizibao kina vitu viwili vyenye kazi mbili tafauti. Kitambaa cha rangi kali, njano ya kijani au chungwa, kinapokea miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuitoa tena ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana alfajiri na magharibi kinaonekana kama kimewashwa. Jua likishazama, kazi yake imekwisha. Hapo unaingia utepe wa fedha. Ndani yake mna chembe ndogo sana za kioo, mfano wa ushanga, au vipembe vidogo vya plastiki, vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka: kwenye taa za gari, yaani mbele ya macho ya dereva. Kitambaa hakifanyi kazi ya utepe, wala utepe haufanyi kazi ya kitambaa.

Hatua ya 1: Tazama pahala pa kazi

Uliza mambo matatu: gari zinapita kwa kasi gani, kazi ni ya saa ngapi, na nyuma ya mfanyakazi pana rangi gani.

Gari ya kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde. Ya kilomita 80 inakata mita 22. Dereva anahitaji kukuona, kutambua kuwa wewe ni mtu, kisha kukanyaga breki, na sekunde zote hizo gari inakuja.

Rangi ya nyuma wengi hawaifikirii, na ndiyo inayowapoteza. Kwenye udongo mwekundu uliochimbwa, kizibao cha chungwa kinazama. Chukua cha njano. Pemba, barabara inapopita baina ya migomba na mikarafuu, njano ya kijani inachanganyika na majani. Chungwa linajitenga vizuri zaidi. Kwenye maweni na vifusi vya mawe meupe, jua la mchana linaumiza macho na njano inafifia, kwa hiyo chungwa tena. Bandarini tazama rangi za foklifti na makontena yenu kabla ya kuagiza. Pakiwa na mshika bendera, mpe rangi tafauti na ya wengine ili dereva ajue wa kumtazama.

Hatua ya 2: Chagua daraja

Kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana kazini, kinachotumika nchi nyingi, ni ISO 20471. Kina madaraja matatu, na kila moja lina kipimo chake cha chini cha kitambaa na cha utepe:

- Daraja la 1: kitambaa mita za mraba 0.14, utepe 0.10.
- Daraja la 2: kitambaa 0.50, utepe 0.13.
- Daraja la 3: kitambaa 0.80, utepe 0.20.

Daraja la 1 liache kwa ghala au yadi ambayo gari zinakwenda mwendo wa mtu. Kizibao kamili cha kazi ya mchana pembezoni mwa barabara ni daraja la 2. Kazi ya usiku, au barabara ya mwendo mkali, inataka daraja la 3, nalo haliwezi kupatikana kwa kizibao kitupu: lazima pawe na mikono mirefu au suruali yenye tepe. Sababu si wingi wa utepe peke yake. Gizani, tepe za kifuani tu zinaweza kuonekana kama pipa au kibao cha barabarani. Tepe za mikononi na miguuni zinakwenda na kurudi unapotembea, na jicho la dereva linatambua mara moja kuwa ni binaadamu.

Hatua ya 3: Soma lebo, kisha upime mwenyewe

Lebo iko ndani, shingoni au ubavuni. Itafute namba ya kiwango, mchoro wa kizibao wenye namba ya daraja pembeni, na idadi ya mafuo kinayostahimili. Kisichokuwa na lebo kirudishe.

Lebo inaweza kuchapishwa na yeyote, kwa hiyo chukua futi ya fundi cherahani. Utepe uwe na upana usiopungua milimita 50, karibu vidole vitatu vya mtu mzima. Kwa upana huo, daraja la 2 linahitaji utepe wa jumla ya mita 2.6, daraja la 3 mita 4. Jumlisha mizunguko ya kiwiliwili na mikanda ya mabegani. Kizibao chenye mkanda mmoja mwembamba wa tumboni hakifiki, hata lebo iseme nini. Tazama pia utepe wa chini: uwe juu ya ukingo wa kizibao kwa milimita 50 au zaidi.

Hatua ya 4: Jaribu utepe kwa simu

Jaribio hili mwenye duka hapaswi kulikataa. Tundika kizibao katika chumba chenye giza, rudi nyuma hatua kumi, washa tochi ya simu na uiweke ubavuni mwa jicho, usawa wa sikio. Usiishike kiunoni: mwanga unarudi kwenye taa, na jicho lako likiwa mbali na taa utauona utepe mzuri kama mbovu. Utepe wa kweli unageuka mweupe mkali ghafla.

Sasa mpe mtu akivae na ajigeuze polepole upande. Utepe mzuri unaendelea kuwaka. Wa bandia, ambao ni plastiki ya kung'aa tu, unamulika pahala pamoja kama kioo halafu unazimika. Ajabu yake ni kwamba mchana huo wa bandia ndio unaopendeza. Utepe mzuri wa chembe za kioo ni kijivu kisicho na mvuto.

Umwagie kikombe cha maji, ujaribu tena. Tepe zenye chembe zilizo wazi hupungua nguvu zikilowa kwa sababu utando wa maji unageuza njia ya mwanga. Ukizimika kabisa, hautakufaa wakati wa masika. Mwisho sugua utepe kwa kidole gumba. Kidole kikitoka na unga wa fedha, mafuo mawili matatu yataumaliza.

Hatua ya 5: Pata saizi

Kipime juu ya nguo nene kabisa utakayoivaa kazini, pamoja na koti la mvua. Kikifungwa, upande wa kushoto na wa kulia wa utepe ukutane mbele. Nafasi baina yao isizidi milimita 50. Kikubwa mno kinaning'inia na kunasa, kidogo kinabaki wazi kifuani. Penye winchi, kulabu au mashine inayozunguka, chagua chenye velkro mabegani na ubavuni, kikivutwa kiachie. Cha zipu kinakuvuta na wewe.

Hatua ya 6: Kivae kiwe cha juu kabisa

Kizibao kinavaliwa mwisho, juu ya kila kitu, na kinafungwa. Kilichoachwa wazi kinapoteza utepe wa mbele.

Kwa wanawake, ushungi ndio wa kuangaliwa. Mtandio unaoshuka mpaka kiunoni unafunika mikanda yote miwili ya mabegani na mara nyingi wa kifuani pia, na mfagiaji aliyeinama anabaki kivuli tu. Jambo hili halitaki mtu apunguze sitara yake. Mtandio uingie ndani, kizibao kije juu, kwa hiyo aagiziwe saizi moja au mbili zaidi. Kanga ya kiunoni ifungwe chini ya kizibao, si juu yake. Msimamizi asiseme tu "Dada, vaa reflekta" akaondoka. Ampe saizi itakayoingia.

Masika watu huvaa koti la mvua juu ya kizibao ili kisilowe. Hapo hakuna kizibao. Begi la mgongoni vile vile, na mabodaboda ndio mabingwa wa hili: ama tepe zibandikwe kwenye begi lenyewe, ama begi liende kwenye keria.

Jina la kampuni lisichapwe juu ya utepe. Juu ya kitambaa liwe dogo, kwani kila sehemu iliyochapwa haihesabiki tena katika kipimo cha daraja.

Hatua ya 7: Kufua na kuanika

Vumbi la saruji, oili na matope vinaua utepe kabla ya jua. Pangusa kila jioni kwa kitambaa kibichi. Aliyefanya kazi ya chumvi, bandarini au gatini Mkoani, akisuuze kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Fua kwa mkono, sabuni ya kawaida, maji yasiyozidi joto lililoandikwa kwenye lebo. Usitie Jik wala dawa nyengine ya klorini, wala ya kulainisha nguo. Utepe haupigwi brashi wala pasi. Anika kivulini, ndani nje. Jua letu linakula rangi hata kizibao kikiwa kwenye kamba.

Hatua ya 8: Jua lini kimekwisha

Pindua mshono wa ndani, ambao jua haliufikii, ulinganishe na bega. Njano ya begani ikiwa imegeuka ya maziwa, au chungwa limekuwa la waridi, kitambaa kimekufa. Utepe urudie jaribio la simu kila mwezi, ukiuweka pembeni ya kizibao kipya. Ukipasuka, ukibanduka au ukiwa na mabaka meusi, usiushone upya juu kwa juu, badilisha kizibao.

Kilichokwisha kikatwe mgongoni vipande viwili kabla ya kutupwa. Kikiachwa kizima jaani, wiki ya pili utakikuta kimevaliwa na kijana anayesukuma gari la mzigo usiku, naye anaamini gari zinamuona.