Kupanga magitaa matatu kwa mtindo wa Wanyika

Wilson Peter na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia bendi ya Jamhuri Jazz, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Bendi ya vijana wa Ngamiani au Chumbageni, mitaa ya Tanga, inaweza kupiga nyimbo hizo bila kukosea noti hata moja, na bado hakuna anayeinuka kucheza. Mara nyingi sababu ni kwamba magitaa yote yamerundikana kwenye kimo kimoja cha sauti.

Anzeni na gitaa la rithimu, linaloshika mdundo, tena bila drams. Chukueni vipimo vinne, kila kimoja na kodi yake (noti zinazopigwa pamoja), C, F, C, G, kwa mwendo wa mapigo 112 kwa dakika. Kwenye C, dole gumba lipige uzi wa 5 pigo la kwanza, kisha vidole vijibu kwa uzi wa 3 na wa 2 katikati ya mapigo. Kiganja kiguse nyuzi karibu na daraja ili sauti ikatike upesi. Zimeni mwangwi wa amplifaya, maana ukibaki noti zinavutana na mdundo unapotea. Mpiga rithimu asibadilishe chochote kwa dakika tano nzima. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye bendi, na wengi huidharau.

Gitaa la pili lifungwe kapo (kibano cha kubana nyuzi shingoni) freti ya 5, lishike G, C na D. Zitasikika C, F na G zilezile, ila juu zaidi. Msipokuwa na kapo, mpigaji apige kodi hizo kwenye freti za juu za shingo ya gitaa. Asishike kodi za chini pamoja na rithimu.

Gitaa la tatu, la solo, hupiga noti mbili kwa pamoja. Kwa C, jaribuni uzi wa 1 freti ya 8 na uzi wa 3 freti ya 9, au nyuzi hizohizo zote freti ya 12. Mwimbaji akiimba, solo inyamaze. Ijibu anapovuta pumzi.

Besi ipige C pigo la 1, ikae kimya la 2, kisha D na E ziipeleke kwenye F. Ule ukimya una thamani sawa na noti. Mpiga besi akiujaza, wimbo unakuwa mzito na wachezaji wanachoka.

Zamani sahani ndogo za santuri ziligawa wimbo pande mbili, kwa hiyo jukwaani unganisheni wenyewe: kiitikio kikiisha, waimbaji wanyamaze, chemko (sehemu ya magitaa ya kuchezea) lianze kwa rithimu ileile. Hapo mpiga drams hupenda kukimbia. Mwekeni karibu na rithimu aisikie.

Hewa ya chumvi ya Tanga hula nyuzi haraka. Zifuteni kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, na zikianza kuwa na kutu badilisheni seti nzima, kwa sababu uzi mpya kati ya zilizochakaa hausikiki sawa na wenzake.