Taya linauma na kukaza: hatua za kulituliza mwenyewe

Wengi wanaofika kwangu na maumivu ya taya walidhani ni sikio, au jino la nyuma. Si ajabu, kwa sababu kiungo chenyewe kiko mbele tu ya tundu la sikio. Weka kidole hapo, fungua mdomo polepole, utakihisi kikisogea. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kilicholala katikati ya mifupa miwili. Unapoanza kufungua mdomo, kichwa cha taya huzunguka papo hapo. Ukiendelea kufungua, huteleza kwenda mbele pamoja na kile kisahani. Kisahani kikiwa kimehama kidogo ndipo unaposikia "ta!"

Mlio usiouma, huku mdomo ukifunguka vizuri, hauhitaji tiba yoyote. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakilichezesha taya kutwa ili wasikie kama bado linalia, na kwa kufanya hivyo wanalichokoza.

Hatua ya 1: Hakikisha si la kukimbizwa hospitali

Maumivu ya taya yakija na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi, usikande chochote, nenda hospitali sasa hivi. Moyo huweza kuumia ukatoa ishara tayani. Taya linalozidi kukaza baada ya kupata jeraha popote mwilini linaweza kuwa pepopunda. Nenda haraka pia ukiwa na uvimbe na homa, ganzi usoni, au ukiwa umepigwa au kuanguka. Na kama umepita miaka 50, taya linachoka ukitafuna, kichwa kimeanza kuuma upya na macho yanafifia, usisubiri kesho: mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba, na uoni ukipotea kwa njia hiyo mara nyingi haurudi.

Hatua ya 2: Jua kinachouma ni msuli au kiungo

Kaza meno kidogo huku umeshika mashavu. Kile kinachotuna chini ya vidole ni msuli wa kutafunia. Legeza, kisha ubonyeze kuanzia chini ya mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Fanya hivyo na kwenye panja. Ukipata maumivu yaleyale unayoyajua, msuli unahusika. Kama yanachoma mbele ya sikio tu, tena unapofungua mdomo au kutafuna, kiungo kimeudhika. Mara nyingi ni vyote viwili.

Pima na ufunguzi: vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine viingie kati ya meno ya mbele. Mtu mzima hufungua takribani milimita 40 hadi 50.

Hatua ya 3: Tenganisha meno

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanaporuka kwa kuwa haionekani kuwa tiba. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa unapotafuna na kumeza. Ukikunja ngumi kuanzia asubuhi hadi jioni, mkono utauma hata kama hukuinua kitu. Msuli wa taya nao ni hivyohivyo. Wengi hukaza meno wakiwa macho bila kujua: mbele ya kompyuta, kwenye usukani, wakitunga uzi kwenye sindano, wakisoma ujumbe usiofurahisha.

Mkao sahihi ni huu: midomo imefungwa bila kubanwa, meno hayagusani, ncha ya ulimi iko kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Sema "nne" na uishikilie ile n ya mwanzo. Ulimi umefika penyewe. Sasa shusha mabega na upumue kwa pua.

Chagua kitu cha kukukumbusha: kila simu inapolia, kila unapokaa kitini, jiulize meno yako wapi. Yakiwa yamegusana, yaachie tu bila kujilaumu. Mazoezi mengine yote hayafui dafu kama ukiyamaliza unarudi kukaza.

Hatua ya 4: Joto na kukanda

Kitambaa chenye maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 hivi. Ikiwa umetoka kuumia au pamevimba, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10. Kisha kanda mashavu kwa vidole viwili, kwa miduara midogo ukishuka, halafu panja. Iume kwa raha. Ukijikuta unakunja uso, umezidisha.

Hatua ya 5: Mwendo mdogo

Mbele ya kioo, ulimi ukiwa kwenye kaakaa, fungua mdomo bila ulimi kubanduka, taya lishuke wima bila kupinda upande. Kisha weka kidole gumba chini ya kidevu na ufungue kidogo dhidi ya ukinzani mwepesi, sekunde 5. Mariano Rocabado, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Chile, ndiye aliyeeneza utaratibu wa kurudia mara 6, mara 6 kwa siku, nami naufuata kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Usilazimishe kupanua mdomo. Taya halijakosa nguvu, limekosa pumziko.

Hatua ya 6: Lipunguzie mzigo

Kwa muda, kula vyakula laini, kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili, acha chingamu na kung'ata kucha. Ukipiga miayo, tia ngumi chini ya kidevu. Usilalie tumbo.

Kifaa cha kuvaa usiku hulinda meno ya anayeyasaga usingizini, ingawa si lazima kimkomeshe kusaga. Ila ukiambiwa meno yako yapunguzwe au yapangwe upya ili taya lipone, tafuta maoni ya pili kwanza, maana jino lililopunguzwa haliruhusu kurudi nyuma.

Jipe wiki chache. Maumivu yasipopungua, muone daktari wa meno au mtaalamu wa tiba ya viungo. Lakini kama taya lililokuwa linalia limenyamaza ghafla na mdomo haupitishi hata vidole viwili, nenda wiki hiyohiyo: huenda kisahani kimekwama mbele, na hulegezwa kwa urahisi zaidi kikiwahiwa.