Kuchapisha utafiti wa meseji za kliniki katika jarida huria: mwongozo kwa watafiti wa Mombasa

Ukitaka kupima kama meseji za kukumbusha zinawarudisha kliniki wagonjwa wa presha, tuseme wa Likoni au Kisauni, anza na vibali, si na programu. Pata kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu tafiti, halafu ruhusa ya idara ya afya ya kaunti na ya kituo chenyewe. Kama wagonjwa watagawanywa makundi kwa bahati nasibu, lisajili jaribio PACTR, sajili ya Afrika isiyotoza ada, kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza. Majarida makubwa ya tiba huyarudisha majaribio yaliyosajiliwa kwa kuchelewa, matokeo yawe mazuri namna gani.

Sasa meseji yenyewe. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiinakili kutoka Word na alama za kunukuu zilizopinda, au ukatia emoji moja tu, uwezo huo hushuka hadi 70, na meseji moja ikatozwa kama mbili au tatu. Maneno yetu ni marefu, basi hesabu mapema. Usitaje ugonjwa wala dawa, kwa kuwa simu ya nyumbani hushikwa na wengi. Utafiti wa WelTel Kenya1, uliochapishwa na The Lancet mwaka 2010, uliwauliza wagonjwa wa ARV neno moja kila wiki: “Mambo?” Walijibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Kati ya 273 waliotumiwa meseji, 168 walisema wametimiza dozi. Kati ya 265 wasiotumiwa, ni 132. Jirani akiisoma salamu hiyo, haambulii kitu.

Kwenye data, mtego mkubwa ni saa. Mshiriki anayesema alipata meseji “saa mbili” huenda anamaanisha 08:00 au 20:00, na kijana aliyezoea saa ya simu akamaanisha 14:00. Seva nazo mara nyingi hurekodi kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa 3 nyuma yetu, kwa hiyo meseji ya 09:00 itaonekana imetumwa 06:00. Andika kila kitu kwa saa 24 na utaje kanda ya muda katika safu yake. Nambari za simu ziingize kama maandishi, zikianza na +254. Excel ikidhani ni tarakimu za kawaida hula sifuri ya mwanzo, na mgonjwa mmoja akageuka wawili. Tenganisha pia meseji zilizotumwa na zilizofika. Si kitu kimoja, na wapitiaji wa makala watauliza.

Unapoandika, fuata mERA, orodha ya vipengele 16 ya mwaka 2016 kwa tafiti za afya kwa simu. Kwa jaribio la bahati nasibu, ongeza CONSORT-EHEALTH, orodha kama hiyo ya kuripoti majaribio ya afya ya kidijitali. Waandishi wengi huweka tafsiri ya Kiingereza ya meseji peke yake. Weka Kiswahili kilekile kilichotumwa, tafsiri ikae kando. “Kumbuka kliniki kesho” na “Mama, tunakungoja kesho” hazimgusi mtu sawasawa, na atakayerudia utafiti wako lazima ajue ulituma ipi.

Jarida lihakikishe kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa. Barua pepe inayokuita profesa mashuhuri na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku 3, ifute. Msamaha wa ada ya kuchapisha uombe unapowasilisha makala, kwani wachapishaji wengi hawakusikilizi ikishakubaliwa. Chagua leseni ya CC BY, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuitafsiri makala mradi akutaje. Ukichukua CC BY-NC-ND, inayozuia biashara na kusambaza makala iliyobadilishwa, muuguzi wa Changamwe hataruhusiwa kusambaza tafsiri ya makala yako bila idhini ya mwenye haki, ambaye huenda si wewe.

Data iweke Zenodo, hazina ya bure inayoendeshwa na CERN, upate DOI, kitambulisho cha kudumu cha kuinukuu. Hilo linawezekana tu ikiwa fomu ya ridhaa ilisema data itashirikiwa. Kama haikusema, chapisha meseji na msimbo wa uchambuzi, data ibaki imefungwa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufuta majina na nambari hakutoshi. Bibi wa miaka 81 wa Mtongwe mwenye ugonjwa adimu anajulikana na mtaa mzima. Umri ufanye makundi ya miaka 10, mtaa uwe kaunti ndogo, tarehe ziwe idadi ya siku tangu kuandikishwa.

Faili likishachapishwa huko hulibadilishi. Unapandisha toleo jipya, la zamani likibaki. Kabla ya kubonyeza, mpe mwanatimu anayeijua mitaa hiyo dakika 20 na jedwali, ajaribu kumtambua mgonjwa hata mmoja.