Kuchagua kati ya Dar es Salaam na Mzumbe kwa shahada ya sheria

Mwombaji aliyepata nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pia Mzumbe, mkoani Morogoro, asiamue kwa kutazama jina peke yake, ingawa ni kweli kwamba cha kwanza kilianza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria na kimewalea wanasheria wengi wa Tanzania.

Anza na mtaala. Omba orodha ya masomo ya vyuo vyote viwili, uilinganishe mwaka kwa mwaka, ukiangalia hasa sheria ya ushahidi, mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, na uandishi wa nyaraka za kisheria, kwa kuwa haya ndiyo utakayokutana nayo tena katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako wahitimu wa vyuo vyote hupitia kabla ya kuapishwa kuwa mawakili.

Kisha waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho: je, kazi zao hurudishwa zikiwa na maoni ya mhadhiri, au alama tupu? Mahakama ya mafunzo, yaani kesi za kuigiza, hufanyika mara ngapi, na nani husimama kuzungumza? Kwa maoni yangu, majibu hayo yana uzito kuliko sifa zozote za majengo.

Gharama nazo zihesabiwe mapema, hasa chumba na nauli, iwapo mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hautatosha.