Simu nyingi, filamu moja: kubalianeni kabla ya kupanda

Vijana mnaopanga kupanda Mlima Longonot, Kenya, na kutengeneza filamu ya pamoja, kila mtu akirekodi kwa simu yake: tengeni dakika kumi pale getini kabla ya safari. Fungueni mipangilio ya kamera, wote mweke 1080p (kiwango cha ubora wa video), picha 30 kwa sekunde, simu ikiwa imelazwa. Mmoja akirekodi wima na mwingine kwa picha 60, kuhariri kunageuka mateso, na klipu nzuri zinaachwa kwa sababu tu hazilingani na nyingine. Inauma sana kumwona mwenzenu aliyejituma akikosa hata sekunde moja kwenye filamu.

Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Kilele kiko mita 2,776, na kule kwenye ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, upepo ukivuma maikrofoni ya simu haisikii kingine. Anayerekodi aupe upepo mgongo na asogee karibu kabisa na anayezungumza. Simu ya pili iwekwe ndani ya koti la mzungumzaji, kwenye mfuko wa shati, irekodi sauti peke yake. Simu zote mbili zikishaanza kurekodi, pigeni makofi mara moja mbele ya kamera; mlio ule ndio mtakaoutumia kuoanisha picha na sauti.

Mkishuka, msitumiane klipu WhatsApp kama video za kawaida, maana inazibana na ubora unapotea. Zitumeni kama dokumenti, au mzihamishe kwa waya hadi kompyuta moja, kila folda na jina la aliyerekodi.