Somo: Kuendesha gari kwenye theluji na barafu mahali pasipozoea baridi kali

Wakuu, habari za muda huu. Somo hili ni la dereva anayeishi mahali ambapo theluji huanguka siku mbili tatu kwa mwaka, au hupotea miaka kadhaa kisha ikaja ghafla. Waliokulia kwenye theluji wana matairi yake, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yanapita alfajiri, na miguu yao imeshazoea. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo usiige uendeshaji wao.

Kwanza elewa adui yako. Tatizo kubwa si wingi wa theluji, ni joto linalochezacheza kwenye nyuzi sifuri. Mchana theluji inayeyuka, usiku maji yale yanaganda, asubuhi unakanyaga kioo. Na barafu iliyo karibu na sifuri ina utando mwembamba wa maji juu yake, ndiyo maana inateleza kuliko barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Tarehe 28 Januari 2014 mji wa Atlanta, Marekani, ulipata theluji ya kama sentimita 5. Ofisi na shule zikaruhusu watu karibu kwa wakati mmoja, wote wakaingia barabarani, matairi yakaikandamiza theluji ikawa barafu, na magari ya chumvi yakashindwa kupenya foleni. Kuna watu walilala ndani ya magari yao na watoto waliolala shuleni. Kwa sentimita 5!

Hatua ya 1: Amua kama kweli unatoka

Nakuomba usiiruke hatua hii. Hata ukiwa makini kiasi gani, huna mamlaka juu ya anayekuja nyuma yako. Kama safari inaweza kungoja hadi saa sita mchana, ingoje. Kama haiwezi, usitoke saa ile ambayo kila mtu anatoka.

Hatua ya 2: Andaa gari

Anza na matairi. Mpira wa tairi la kawaida la joto huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na tairi kipara kwenye barafu halina msaada wowote. Baridi pia hupunguza upepo, kwa hiyo pima na ujaze hadi kiwango cha mtengenezaji. Najua kwenye mchanga tunapunguza upepo ili gari lipite. Kwenye barafu usifanye hivyo.

Safisha vioo vyote, si kijitundu cha kuchungulia mbele ya usukani. Toa na theluji ya juu ya paa, maana ukifunga breki itateremka yote kwenye kioo cha mbele. Usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka. Wipa zikiwa zimegandia kwenye kioo usiziwashe, utaunguza mota yake. Ndani ya gari weka blanketi, maji ya kunywa, tochi, chaji ya simu, koleo na mfuko wa mchanga.

Hatua ya 3: Kuondoka

Gari la gia za mkono, ondoka na gia ya pili na uachie klachi taratibu. La otomatiki, achia breki liache litambae lenyewe kabla hujagusa mafuta. Ukishaingia barabarani, na nyuma yako hakuna mtu, jaribu breki ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Hapo utajua barabara ya leo ikoje kabla haijakufundisha kwa nguvu.

Hatua ya 4: Mwendo

Hapa ndipo roho ya somo ilipo. Tairi lina kazi tatu: kuvuta gari, kulikatisha kona na kulisimamisha. Kwenye lami kavu linaweza kufanya mbili kwa pamoja. Kwenye barafu lipe moja tu kwa wakati mmoja. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, achia breki, kata kona, na ukishanyooka tena ndipo uguse mafuta. Ukikanyaga breki katikati ya kona, tairi linaacha kukata kona na gari linakwenda moja kwa moja mtaroni.

Tazama hesabu hii. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, lami kavu inakusimamisha kwa kama mita 14 tangu breki ziliposhika. Theluji iliyokandamizwa inataka kama mita 50. Barafu inataka karibu mita 100, na hapo sijahesabu umbali unaokwenda wakati bado unashtuka. Ukishuka hadi kilomita 30, barafu inataka kama mita 35. Kwa hiyo mwendo mdogo si woga. Na aliye mbele yako mwachie nafasi: akipita kwenye nguzo, wewe uifikie sekunde nane hadi kumi baadaye.

Kama gari lako lina mfumo wa kushika mwendo lenyewe, uzime. Kwenye mlima, subiri chini hadi gari lililotangulia lifike kileleni, kisha panda bila kusimama. Kwenye mteremko, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Madaraja nayataja peke yake. Daraja halina ardhi chini ya kulihifadhia joto, hewa baridi inalipiga juu na chini, kwa hiyo huganda kabla ya barabara nyingine. Fort Worth, Texas, tarehe 11 Februari 2021, mvua nyepesi iligandia kwenye barabara kuu iliyoinuka na magari zaidi ya 130 yakagongana. Watu 6 walifariki. Ukiliona daraja, punguza mwendo kabla hujalifikia. Ukiwa juu yake usiguse breki wala kukata usukani ghafla.

Hatua ya 5: Itambue barafu usiyoiona

Kuna barafu nyembamba inayoonyesha lami chini yake. Machoni ni barabara yenye unyevu tu. Tazama tairi za aliye mbele: kama barabara inang'aa lakini hazirushi maji, yale si maji. Tega na sikio. Mvumo wa matairi unakatika ghafla, gari linakuwa kimya, usukani unakuwa mwepesi mkononi kama umelegezwa. Ukisikia ukimya huo, toa mguu kwenye mafuta polepole na uushike usukani ulivyo.

Hatua ya 6: Likianza kuserereka

Asubuhi moja nilikuwa nateremka kilima kifupi, mwendo wa mtu anayetembea. Nikakanyaga breki, magurudumu yakafunga, na gari likaendelea kwenda bila sauti kama mtumbwi uliosukumwa kutoka ufukweni. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo lilivyokataa kunisikiliza. Nilipoachia breki matairi yakazunguka, na yalipozunguka tu usukani ukaanza kufanya kazi. Gari lile halikuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, na tangu siku ile najua kwamba gurudumu lililofunga halipindi.

Nyuma ikichomoka, achia mafuta, tazama unakotaka kwenda na peleka usukani upande ule ambao mkia unakwenda, kidogo tu, kisha urudishe mara gari linaponyooka. Mbele ikikataa kukata kona, usizidishe usukani. Upunguze kidogo mpaka tairi lishike tena. Usitazame mti, maana mikono hufuata macho.

Maswali ya wanachama

Mkuu, asante kwa darasa. Mimi nina 4x4, haya yote yananihusu?
Yanakuhusu sana, kaka. 4x4 inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni kazi ya matairi na breki, na gari dogo nalo lina magurudumu manne yanayofunga breki. Wenye 4x4 wengi hupata ajali kwa sababu gari liliondoka vizuri wakadhani litasimama vizuri.

Nikikanyaga breki, pedali inatetemeka na kutoa mlio. Imeharibika?
Hapana, hiyo ni ABS inafanya kazi. Kanyaga na uendelee kukanyaga, usiachie, huku ukielekeza usukani. Ambaye gari lake halina ABS ndiye anayekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Dashibodi inasoma nyuzi 3 juu ya sifuri. Barafu itoke wapi?
Kipimo kile kinapima hewa, hakipimi lami. Usiku wa anga tupu lami hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana magari mengi hutoa onyo yakifika nyuzi 3 au 4. Lichukulie onyo hilo kama barafu imeshakuwepo.

Minyororo ya matairi inahitajika? Na inafungwa wapi?
Inafungwa kwenye magurudumu yanayovuta, na usizidishe kilomita 50 kwa saa. Inafaa kwenye theluji iliyofunika barabara. Ukifika kwenye lami tupu ifungue, itaharibu tairi na lami vilevile. Jifunze kuifunga siku ya jua, maana vidole vikishakufa ganzi hutaweza.

Kaka, nina watoto wawili. Tukikwama kwenye foleni usiku kucha nifanye nini?
Dada, baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini shuka ukaondoe theluji kwenye mdomo wa eksozi, kwa sababu ukiziba, moshi wenye sumu isiyo na harufu unarudi ndani mlipo. Washa injini dakika kumi kila saa ili mpate joto, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo, kisha zima. Theluji ikiendelea kuanguka, kila kabla ya kuwasha shuka tena ukaangalie eksozi, hata kama uliisafisha saa moja iliyopita. Watoto waweke pamoja kiti cha nyuma chini ya blanketi moja.