Pishi jipya la kitabuni: soma, pima, ndipo uwashe moto

Kitabu cha mapishi kimeandikwa kwenye jiko la mtu mwingine. Oveni ni yake, vikombe ni vyake, hata ukubwa wa mayai ni wa huko kwake. Pishi likikataa mara ya kwanza, mara nyingi si kwamba mwandishi amekosea au mkono wako ni mbovu. Vipimo ndivyo vilivyopotea njiani vikihama jiko moja kwenda jingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya moto kuwaka.

Soma pishi lote mara mbili, siku moja kabla. Mara ya kwanza tafuta muda uliofichwa: "loweka usiku kucha", "siagi iwe imelainika", "acha kinyunga kiumuke". Hayo kwa kawaida hayamo ndani ya zile dakika 30 zilizoandikwa juu ya ukurasa. Kukatakata nako hakumo. Orodha ikisema "vitunguu vitatu vilivyokatwa", kitabu kinachukulia kwamba saa inaanza vikiwa tayari vimekatwa. Tena usikubali upesi kitabu kinachoahidi vitunguu vitamu vya rangi ya kahawia kwa dakika 10. Kwa moto mdogo kazi hiyo huchukua dakika 40 hadi 45; ukilazimisha kwa moto mkali vitaungua kingo kabla utamu haujatoka.

Mara ya pili soma ukiwa na penseli. Kila kiungo kitie alama pale kinapotajwa kwenye maelezo ya kupika. Kitakachobaki bila alama huenda kimesahauliwa na mhariri, na ni afadhali ujue leo kuliko kesho ukiwa na mikono ya unga. Angalia pia mpangilio wa maneno. "Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa" hupimwa baada ya kusaga. "Kikombe kimoja cha karanga, kisha zisagwe" hupimwa zikiwa nzima, na uzito hauwi sawa.

Vipimo

Hapa ndipo mapishi mengi hufia. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni takribani ml 240, cha Australia ni ml 250, cha Japani ni ml 200, na vitabu vya zamani vya Uingereza vilitumia kikombe cha ml 284. Kijiko kikubwa ni ml 15 karibu kila mahali, isipokuwa Australia ambako ni ml 20. Painti ya Marekani ni ml 473, ya Uingereza ni ml 568. Basi fungua kurasa za mwanzo uone kitabu kilichapishwa nchi gani; vingi vina ukurasa wa kueleza vipimo vyake, ambao watu huuruka. Kijiko cha kukorogea chai usikitumie kama kipimo. Kipimo halisi cha kijiko cha chai ni ml 5, ilhali vijiko vya kabatini hutofautiana sana, na kwa chumvi au hamira tofauti hiyo utaionja.

Unga ndio mkorofi zaidi. Ukizamisha kikombe cha ml 240 ndani ya mfuko na kuchota, unga hushindiliwa na unaweza kufika gramu 150. Ukiujaza kwa kijiko taratibu, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata gramu 120 hadi 125. Kwa pishi la vikombe vitatu umeshaongeza gramu 75 bila kujua, na keki iliyotakiwa kuwa laini itatoka kavu kama biskuti. Dawa ni mizani ya kidijitali. Kitabu kikitoa gramu na vikombe kwa pamoja, fuata gramu. Maji ml 100 yana uzito wa gramu 100, lakini usidhani kila kimiminika kiko hivyo: mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo, gramu 92 hivi, na asali ni nzito, kama gramu 140.

Chumvi nayo ina mtego wake. Kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani ni gramu 6 hivi, lakini chumvi ya chembe kubwa yaweza kuwa nusu ya hapo kwa sababu hewa hukaa katikati ya chembe. Kitabu kikitaka chembe kubwa na wewe una laini, anza na nusu, uonje.

Kwa mayai, yai kubwa bila ganda lina karibu gramu 50. Mayai yako yakiwa madogo, yavunje kwenye bakuli, yachape na upime. Pishi la mayai manne linataka gramu 200, hata ikibidi kuongeza la tano na kubakiza kidogo.

Pima chombo pia. Chombo cha mduara cha sentimita 20 kina eneo la takribani sentimita za mraba 314. Cha sentimita 23 kina 415. Sentimita tatu tu, lakini eneo limeongezeka kwa theluthi moja: keki ile ile itakuwa nyembamba na itakauka mapema. Chombo cha mraba cha sentimita 20 hukaribiana na cha mduara cha 23, kwa hiyo hivyo viwili vinaweza kubadilishana.

Moto

Farenhaiti igeuze kuwa Selsiasi kwa kutoa 32, kisha kugawa kwa 1.8. Ile 350 ya vitabu vya Marekani ni 177, na kwa kawaida huandikwa 180. Kama oveni yako ina feni na kitabu hakikusema feni, punguza nyuzi 20. Washa oveni dakika 20 kabla, maana taa ya kuonyesha kwamba joto limefika huzimika kuta zikiwa bado hazijashika moto sawasawa. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuambia ukweli. Oveni nyingi za nyumbani huwa juu au chini ya namba ya kitufe.

Juu ya jiko hakuna namba. "Moto wa wastani" wa jiko moja ni moto mkali wa jingine. Fuata dalili alizoandika mwandishi (harufu, rangi, mapovu, mafuta kujitenga) na uache dakika ziwe za kukumbusha tu. Pishi likisema dakika 40, anza kuchungulia ya 30.

Kosa lililoenea hapa ni kujaza kikaango. Nyama ikibanana hutoa maji, maji hugeuka mvuke, na mvuke hauwezi kuleta rangi ya kahawia. Hiyo hutaka uso mkavu wenye joto la nyuzi 140 na kuendelea. Kaanga kwa mafungu mawili au matatu, kila kipande kikiwa na nafasi.

Kuhusu kuiva, rangi hudanganya. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama ndicho shahidi: kuku nyuzi 74 kwenye sehemu nene pasipo kugusa mfupa, nyama ya kusaga 71. Mkate mwingi huwa umeiva katikati ikifika 93 hadi 96. Wanaoishi nyanda za juu wakumbuke kwamba maji huchemka kwa joto pungufu kama nyuzi moja kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo maharage yatachukua muda kuliko kitabu kinavyodai.

Kubadilisha

Mara ya kwanza pika kama ilivyoandikwa, vinginevyo hutajua kasoro ni ya pishi au ya ubunifu wako. Ikikulazimu kubadilisha, jua pa kuchezea. Kwenye mchuzi, kubadili jani au kiungo cha harufu hakuharibu kitu. Kwenye vya kuoka ni hesabu. Magadi soda yana nguvu mara tatu hadi nne ya bekingi pauda na yanahitaji kitu kichachu ili yafanye kazi. Ukiyaweka kwa kipimo cha pauda, keki itakuwa na ladha ya sabuni. Jaribu pauda ya zamani kwa kuitia maji ya moto: isipotoa povu papo hapo, itupe. Hamira mbichi gramu 30 ni sawa na gramu 10 za ile kavu ya papo kwa papo. Mtindi wa maji ukikosekana, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwenye kikombe, jaza maziwa, ngoja dakika 10.

Ukitaka kuzidisha pishi mara mbili, tumia vyombo viwili vya kuokea badala ya kimoja kirefu. Sufuriani, viungo huzidi mara mbili lakini maji hayakauki kwa kiwango hicho, hivyo anza na maji pungufu, na pilipili iongeze kwa kuonja.

Baada ya kula, andika pembeni ya ukurasa kwa penseli: tarehe, chombo, namba ya oveni, dakika halisi, na kasoro moja. Keki ikizama katikati, huenda haikuiva, mlango ulifunguliwa mapema au pauda ilizidi. Ikipasuka juu, joto lilikuwa kali. Mchuzi ukizidi chumvi, ongeza maji na vitu visivyo na chumvi. Kiazi hakina uchawi wa kuinyonya, kinafyonza mchuzi wenye chumvi kama kitu kingine chochote. Jaribio la pili badili jambo moja tu, na uliandike chini ya lile la kwanza.